Kufunga betri ya pili kwenye boti ndogo ya faiba iliyotumika

Ukinunua boti ya faiba ya mkono wa pili, hizi za mita 6 au 7 zenye mashine ya HP 40 ya selfu, mara nyingi utaikuta na betri moja tu, na hiyo moja ndo inafanya kila kitu: inapiga selfu, inawasha taa, fishfinda (kifaa cha kutafutia samaki), pampu ya ngama (ya kutoa maji yanayojikusanya chini ndani ya boti), inachaji simu za wavuvi wote waliomo, na siku hizi hadi spika ya muziki. Mchana hamna shida. Shida inakuja zile siku za giza mnapokaa na taa usiku kucha, alfajiri nahodha anageuza ufunguo anasikia tak tak tak, basi. Mashine ya 15 utavuta kamba utaondoka, ya 40 kuivuta kwa kamba ya dharura umechoka na kusi inapiga hiyo ni shughuli nyingine, na kuanzia 60 kwenda juu usiitegemee kabisa hiyo kamba.

Dawa yake ni betri ya pili, hilo kila mtu anajua. Ambacho wengi hawakielewi ni kwamba betri ya pili kazi yake kubwa sio kuongeza umeme, ni kuilinda ile ya kwanza isiguswe. Ukizifunga mbili chanya kwa chanya na hasi kwa hasi ukaziacha hivyo hivyo moja kwa moja, hapo hujapata betri mbili, umepata betri moja kubwa ambayo nayo itaisha, sema itachelewa kidogo tu. Na kuna mafundi wa magari wanafunga hivyo kila siku na wanapokea hela.

Kabla hujaenda dukani piga hesabu, ni ndogo tu. Andika kila kitu kinachokula umeme na wati zake, zimeandikwa nyuma ya kifaa. Mfano taa mbili za LED za wati 10 kila moja, taa za safari za LED (nyekundu kushoto, kijani kulia na nyeupe) tuseme 6 jumla, fishfinda 10, chaji za simu 10. Jumla 46. Gawa kwa volti 12 unapata kama ampea 4. Mkikaa baharini masaa 10 hapo ni 40, ndo zile Ah zinazoandikwa kwenye betri. Pampu ya ngama inakula ampea 3 hivi lakini inawaka dakika chache chache kwa hiyo haisumbui hesabu, labda kama boti inavuja, na kama inavuja acha kusoma habari za betri nenda kaizibe kwanza. Sasa betri ya asidi, iwe ya maji au kavu, usiishushe chini ya nusu mara kwa mara, itakufa mapema sana. Kwa hiyo 40 yako izidishe mara mbili, unahitaji betri ya Ah 80 kwenda juu, yaani N100 (ya Ah 100) au ile ya sola ya 100. N70 hapo itakuwa inaonewa.

Halafu sehemu ambayo watu wanairuka, nani atairudishia hiyo 40? Mashine ndogo hazina alteneta kama ya gari, zina koili chini ya flaiwili, na zile za zamani za HP 15 mpaka 40 koili yake mara nyingi ni ya wati 80 hivi, ambayo ni ampea 6 na kitu, tena hizo ni pale mashine ikiwa inazunguka kwa nguvu, ukiwa unaenda taratibu unakokota mshipi inatoa kidogo sana. Ukiendesha saa moja kwenda na saa moja kurudi umerudisha 12 kama una bahati, na umetumia 40. Kesho yake 28 bado zinadaiwa, kesho kutwa deni limeongezeka, wiki haiishi unasema betri uliyouziwa ni feki. Sio feki, hailishwi. Ukiongeza betri bila kuongeza chaji umeongeza mzigo wa kilo 30 kwenye boti, hamna zaidi.

Mashine mpya za four stroke zinatoa zaidi, soma kitabu chake au tafuta modeli yako uone imeandikwa ampea ngapi. Na kama mashine yako ni ya kuvuta kamba tu lakini ina zile nyaya mbili za taa zinazotoka, angalia vizuri, umeme unaotoka pale mara nyingi haujanyooshwa, ni wa kwenda na kurudi, unahitaji rektifaya (ya kuunyoosha) yenye regyuleta (ya kuzuia volti zisizidi) kabla haujafika kwenye betri. Ukiuchomeka moja kwa moja hauchaji kitu, unaiharibu betri tu.

Kwa mvuvi wa usiku sola ndo jibu, maana boti inalala mchana kutwa juani. Paneli ya wati 100 na kontrola yake (ile inayosimamia chaji isizidi), siku ya jua zuri huku pwani inaweza kukurudishia kama 25 mpaka 30, ukijumlisha na za koili mambo yanakaribia kulingana, na siku ya mawingu unaishusha betri unaichaji nyumbani au kwenye banda la chaji. Kama mnaivuta boti pwani na pale mahali pana vidole virefu, paneli funga na bolti za kipepeo uondoke nayo jioni.

Sasa tuje kwenye betri zenyewe. Ya kwanza, ya kuwasha mashine, iwe ya kawaida ya kustata, mfano N70 kavu. Ya pili iwe ile ya sola, ya kutoa kidogo kidogo muda mrefu. Zote ziwe volti 12, na usije ukazifunga kwa mfuatano, chanya ya hii kwenye hasi ya ile, hiyo inakuwa volti 24 na utaunguza kila kifaa kilichopo. Dukani nenda na mita yako, betri inayouzwa kama mpya isome angalau 12.5, ikiwa 12.2 imekaa rafuni muda mrefu, mwachie. Betri za mtumba zilizotolewa kwenye minara ya simu au UPS wengine wananunua kwa bei ya kutupa, mimi kwa baharini sishauri, ila pesa ni yako. Lithiamu ni nzuri, nyepesi, unaitumia karibu yote, lakini usiiunganishe na betri ya asidi kwa swichi tu, zinachajiwa tofauti na inaweza kujikata yenyewe ghafla mashine ikiwa inazunguka ikaua rektifaya. Ukitaka lithiamu iwe ya vifaa peke yake na sola yake na kontrola inayoikubali.

Vitu vingine vya kununua: boksi mbili za betri zenye mfuniko na mikanda, waya mnene, lagi za shaba (vile vichwa vinavyobanwa mwisho wa waya), fyuzi na boksi lake, swichi ya betri ya baharini, mpira wa kusinyaa kwa moto, na grisi. Waya wa gari ni shaba tupu, ukikaa miezi kadhaa kwenye chumvi unageuka kijani mpaka ndani ya mpira, ukikunja unakatika. Ule wa baharini kila uzi umepakwa bati, ni bei, na huku kwetu kuupata ni kutafuta, ukiukosa tumia wa kuchomelea ambao ni laini, lakini ncha zake zizibe vizuri mno na ukubali kubadilisha mapema. Unene: kwenda kwenye selfu usishuke chini ya mm² 25, na ukiwa mbali weka 35. Wa vifaa usifikiri ni udogo tu kwa sababu ampea ni chache. Pampu na taa zikila ampea 10 kupitia waya wa 2.5 umbali wa mita 5 kwenda na 5 kurudi, unapoteza volti 0.7 njiani, ndo maana taa za omo, kule mbele ya boti, zinawaka kama zina usingizi. Waya wa 6 hapo hapo unapoteza 0.3 tu.

Boti ya mkono wa pili sasa, kabla hujaongeza kitu fungua uone kilichopo. Utakuta maajabu. Waya umeungwa kwa teipu nyeusi mara tatu, fyuzi imewekwa msumari au karatasi ya sigara, waya mmoja umekatwa unaning'inia ndani ya ngama na hakuna anayejua ulikuwa wa nini. Fuata kila waya mwanzo mpaka mwisho, usioujua ung'oe. Ukikata ncha ukakuta shaba nyeusi au kijani, endelea kukata mpaka ukute inayong'aa, usipoipata waya wote utoke. Kuna watu wanaona uvivu hapo wanafunga betri mpya kwenye nyaya zilizooza, halafu umeme unavuja kwenye maji ya ngama, zinki za mashine (vile vipande vinavyoliwa na chumvi badala ya mashine) zinaliwa haraka wanalaumu zinki.

Wapi ikae. Shetri, yaani nyuma ya boti, tayari ina mashine, tangi, na nahodha mwenyewe, ukiweka na betri mbili nyuma omo inanyanyuka na maji yanaanza kuingia nyuma wimbi likija. Betri ya mashine ibaki nyuma karibu na selfu, ya pili isogeze katikati, chini ya benchi, juu ya ubao sio juu ya sakafu ambapo maji ya ngama yanafika. Hii ya maji sio utani, maji ya chumvi yakiingia ndani ya betri ya asidi yanatoa gesi ya klorini, na wewe umelala hapo mbele. Ifungwe isisogee hata ukiisukuma kwa mguu, boti inavyopiga mawimbi betri ya kilo 25 isiyofungwa inavunja vitu. Boksi liwe na matundu kwa juu maana betri ikichajiwa inatoa haidrojeni. Na isikae chumba kimoja na tangi la petroli hata kidogo, mvuke wa petroli ni mzito unashuka chini unakaa kwenye ngama unasubiri cheche, na cheche ya terminali ndo hiyo hiyo unayoisubiri.

Kuna namna tatu za kufunga. Ya kwanza ni kuzitenga kabisa: betri ya kwanza mashine tu, ya pili vifaa vyote na inachajiwa na sola, hakuna waya unaoziunganisha, pembeni unaweka waya za kushtulia za dharura ndani ya mfuko usiopitisha maji. Rahisi, haina cha kuharibika, mwenye koili dogo hana haja ya kingine, na mimi mtu akiniuliza ana boti ya mita 6 namwambia afanye hii. Ya pili ni swichi ya kuzungusha yenye 1, 2, zote na zima. Ya tatu ni rilei inayojiwasha yenyewe, volti za betri ya mashine zikifika 13.3 au zaidi kidogo inaiunganisha ya pili ili nayo ichajiwe, zikishuka kwenye 12.8 hivi inakata, kwa hiyo mashine ikizimwa zinatengana bila wewe kukumbuka. Kwa mwenye mashine inayotoa ampea 15 na kuendelea hii ya tatu ndo nzuri, maana ile ya kuzungusha inategemea kumbukumbu ya mtu aliyekesha, saa tisa usiku anaacha kwenye zote, na mnarudi kule kule kwenye tak tak.

Kazi yenyewe sasa. Mashine imezimwa, tangi limeondolewa au mfuniko wake umefungwa na boti imepigwa upepo, vua saa na pete. Toa hasi kwanza kwenye betri ya zamani, halafu chanya. Siku zote hasi ya kwanza kutoka na ya mwisho kurudi, kwa sababu spana ikigusa chuma wakati unafungua chanya na hasi bado ipo utaona moto. Funga maboksi, weka betri, bado usiunganishe kitu.

Anza kupanga hasi, ila kuzikaza kwenye betri iwe mwisho kabisa baada ya chanya: waya mweusi wa mashine unakwenda kwenye hasi ya betri ya kwanza. Kama unatumia swichi au rilei, hasi ya betri ya kwanza na hasi ya ya pili ziunganishwe kwa waya mnene ule ule wa mashine, bila huo haitafanya kazi. Chanya: kwa namna ya rilei, waya mwekundu wa mashine unapita kwenye swichi ya kuwasha na kuzima kisha betri ya kwanza. Rilei inakaa katikati ya chanya mbili, na kila upande wake karibu na betri kuna fyuzi ya ukubwa ulioandikwa kwenye rilei. Kwa namna ya kuzungusha, chanya ya betri ya kwanza kwenye nguzo ya 1, ya pili kwenye nguzo ya 2, mashine kwenye nguzo ya kati, na hapo waya zote tatu ziwe nene kwa sababu siku ya dharura betri ya pili ndo itapiga selfu. Chunga sana, swichi hii usiipeleke kwenye zima mashine ikiwa inazunguka, chaji inakosa pa kwenda volti zinaruka na rektifaya inakufa pale pale. Mpe adhabu mtoto atakayeichezea.

Vifaa: kutoka chanya ya betri ya pili, fyuzi kubwa ya ampea 30 karibu kabisa na betri, swichi, halafu boksi la fyuzi ndogo, kila kifaa na fyuzi yake. Taa 5, fishfinda 3 au iliyoandikwa kwenye kitabu chake, redio ya VHF 10 kwa sababu ukibonyeza kuongea inavuta kama 5 au 6 ghafla. Hasi za vifaa vyote zirudi kwenye kipande kimoja cha shaba chenye skrubu, na kutoka hapo waya mmoja kwenda hasi ya betri ya pili. Fyuzi inailinda waya, sio kifaa, kwa hiyo iwe ndogo kuliko uwezo wa waya uliopitisha. Ule waya wa selfu wengi hawauwekei fyuzi, ndo maana uupitishe mbali na kitu chenye ncha na uufunge kila nusu mita.

Pampu ya ngama ya kujiwasha ndo pekee isiyopita kwenye swichi. Iunge moja kwa moja kwenye betri ya pili na fyuzi yake peke yake, ili mkizima kila kitu mkaenda kulala na mvua ikanyesha usiku, boti ikiwa inaelea pale nanga pampu bado inafua maji.

Lagi zibanwe kwa mashine yake, sio koleo na nyundo. Anayekwambia achomelee kwa risasi mwambie abane kwanza, risasi peke yake waya ukipata joto inalegea na ukitikisika unakatikia pale risasi inapoishia. Vuta kila lagi kwa nguvu zako zote, ikitoka bora itoke leo. Mpira wa kusinyaa juu yake, halafu grisi baada ya kukaza sio kabla. Nati za kipepeo toa weka nati za spana, zinalegea kwa mtikisiko.

Umemaliza, washa mita. Kila kitu kikiwa kimezimwa na betri zimepumzika tangu jana, zote zisome 12.6 au 12.7. Zima mashine washa taa zote na fishfinda, kaa nusu saa, pima betri ya mashine, isisogee hata pointi moja. Ikishuka kuna waya umeunga upande usio wake. Halafu washa mashine ukiwa na maji ya kupoza, ongeza mafuta kidogo, betri ya kwanza ipande 13.5 mpaka 14.5. Ikibaki 12.6 hamna chaji inayofika, ikizidi 15 regyuleta imeharibika, zima usiendelee, utachemsha betri. Kama una rilei subiri dakika chache utasikia inagonga na ya pili inaanza kupanda nayo. Mwisho gusa kila lagi kwa mkono, ya moto imebanwa vibaya.

Jambo la betri ya zamani na mpya. Ukiziweka pamoja muda mrefu zinasawazishana kama ndoo mbili zilizounganishwa kwa mpira wa maji, yenye udhaifu inaivuta nzima chini. Kwa hiyo kama betri ya zamani iliyokuja na boti ina miaka minne na inashindwa kushika 12.4 usiku mmoja bila kutumiwa, usiifanye mshirika wa mpya. Tenga kabisa au badilisha zote.

Kipindi mnachopandisha boti kwa sababu ya kusi au mbalamwezi, betri zote zishushwe, zichajiwe zijae, ziwekwe sehemu kavu na zichajiwe tena kila mwezi. Betri ya asidi iliyoachwa nusu inaota chumvi ngumu kwenye bamba zake na haijai tena hata ukiichaji wiki. Zile za maji ongeza maji ya betri yasiyo na madini (distilled), sio ya bomba na sio asidi, mpaka bamba zifunikwe. Na chora mchoro wa nyaya zako kwa kalamu isiyofutika, rangi gani inakwenda wapi na fyuzi gani ya nini, ubandike ndani ya mfuniko wa boksi, fundi atakayekuja baada yako akifungua auone kabla hajashika koleo.